Alamu za monita ya mgonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara wodini

Maswali haya yametoka kwa wauguzi wapya, madaktari walio kwenye mafunzo ya vitendo, mafundi wa vifaa tiba na ndugu wanaouguza wagonjwa wao hapa Arusha na Moshi. Mengi huulizwa usiku, mtu mmoja akiwa na vitanda vingi na monita tatu zinalia kwa pamoja. Utaratibu wa hospitali yako na maagizo ya daktari wa mgonjwa husika ndivyo vinavyotangulia. Hapa tunaeleza sababu zilizo nyuma yake. Jambo moja litajirudia kila mahali: mipaka ya alamu ni uamuzi wa tiba, inawekwa kwa ajili ya mgonjwa aliye kitandani, na inabadilika hali yake inapobadilika.

## Mambo ya msingi

1. Monita inapima nini hasa, na alamu inatoka wapi?

Monita nyingi za wodini zinafuatilia mambo manne au matano: umeme wa moyo kupitia stika za kifuani, kiasi cha oksijeni kwenye damu kupitia kibanio cha kidole (SpO2 kwenye skrini), presha kupitia kafu ya mkononi (ule mkanda unaojazwa hewa), kasi ya upumuaji, na wakati mwingine joto la mwili. Kila kipimo kina mpaka wa juu na mpaka wa chini. Namba ikivuka mpaka, monita inalia.

Zipo alamu za aina nyingine zinazohusu mashine yenyewe: stika imebanduka, kibanio kimetoka, betri inaisha. Hizo zina hatari yake. Tazama swali la 12.

2. Rangi na milio tofauti vina maana gani?

Monita zinazofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60601-1-8 zina ngazi tatu. Nyekundu inayomweka ni ya juu kabisa, na mlio wake huja kwa mfululizo wa haraka wa mapigo kumi: acha unachofanya, nenda. Njano inayomweka, yenye mapigo matatu, inataka uende mapema. Rangi ya samawati au njano isiyomweka ni taarifa ya kushughulikia ukipata nafasi.

Monita za zamani, na tunazo nyingi, hazifuati mpango huu kikamilifu. Ukipangiwa wodi mpya, mwombe mwenyeji akuonyeshe alamu nyekundu ya monita za pale inasikikaje. Ni kazi ya dakika mbili.

3. Kunyamazisha alamu, kuisitisha na kuizima: si ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopoteza maisha. Ukinyamazisha, sauti inakatika kwa muda, mara nyingi dakika moja hadi tatu kulingana na ilivyopangwa, lakini taa na maandishi vinaendelea kuonya. Ukiisitisha, sauti na onyo la skrini vyote vinalala kwa muda, kisha vinarudi vyenyewe. Ukiizima, imezimwa mpaka mtu akumbuke kuiwasha, na huyo mtu anaweza kuwa wa zamu ya kesho ambaye hajui kwamba imezimwa.

Angalia alama iliyo kwenye skrini. Kengele yenye mkato wa mistari ya vipande inaonyesha sauti imesitishwa kwa muda. Kengele yenye mkato wa mistari kamili inaonyesha sauti imezimwa. Pembetatu yenye mikato ya aina hiyo inahusu alamu nzima, sauti pamoja na onyo la skrini. Alama hizi ni ndogo, ziko pembeni mwa skrini, na zikichunguliwa kutoka mlangoni hazionekani.

Januari 2010, katika Massachusetts General Hospital jijini Boston, Marekani, mgonjwa alifariki baada ya mapigo ya moyo wake kushuka huku alamu kuu ya mapigo kwenye monita yake ikiwa imezimwa. Ilikuwa hospitali kubwa, yenye vifaa na watumishi kuliko tulivyo navyo sisi. Kanuni ya kushika ni hii: unaruhusiwa kunyamazisha ukiwa umesimama mbele ya mgonjwa na umeshamtazama. Kuzima alamu ya mapigo, ya oksijeni au ya kukoma kupumua si uamuzi wa mtu mmoja aliyechoka saa tisa usiku.

4. Alamu ikilia, nianze na nini?

Mgonjwa kwanza, skrini baadaye. Anapumua? Anaitika? Rangi ya midomo na ulimi ikoje? Shika mkono wake, utafute mapigo. Sekunde kumi zinatosha. Baada ya hapo ndipo uangalie alamu inasema nini, kibanio na stika vimekaaje, na wimbi kwenye skrini ni safi au linarukaruka.

Mwisho jiulize: mpaka ulivukwa kwa sababu mgonjwa kabadilika, kwa sababu kifaa kimelegea, au kwa sababu mpaka wenyewe haumfai? Kila jibu lina kazi yake. Kunyamazisha na kuondoka si mojawapo ya majibu.

## Kuweka mipaka

5. Monita imetoka kiwandani na mipaka yake. Kwa nini niiguse?

Kiwanda hakimjui mgonjwa wako. Mipaka ya kiwandani au ya wodi, kwa mfano mapigo 50 hadi 120, ni ya kuanzia tu. Kanda hii ndiyo iliyomtoa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, na bado tunapokea vijana wakimbiaji waliovunjika mguu ambao mapigo yao wakilala ni 42. Ukimwachia mpaka wa 50, monita italia usiku kucha, na kufika alfajiri hakuna atakayeisikiliza. Kwa upande mwingine, mzee ambaye mapigo yake ya kawaida ni 65 akifika 115 ana tatizo kubwa, na mpaka wa 120 haujasema kitu.

Jambo la pili linalosahaulika: monita haijui kwamba mgonjwa amebadilika. Ukimtoa mmoja kitandani na kumlaza mwingine bila kumtoa wa kwanza kwenye kumbukumbu za mashine, mara nyingi mipaka ya yule wa kwanza inabaki. Kila mgonjwa mpya, mtoe wa zamani kwenye menyu, chagua mtu mzima, mtoto au mtoto mchanga, kisha pitia mipaka yote.

6. Basi nipe namba za kuanzia kwa mtu mzima.

Hakuna namba moja inayomfaa kila mtu. Njia inayofundishwa mahali pengi ni kuangalia hali ya mgonjwa akiwa ametulia, kisha kuweka mipaka kiasi cha asilimia 20 juu na chini yake, na kuirekebisha kulingana na ugonjwa. Upumuaji wa chini ya 8 kwa dakika au zaidi ya 30 usiachwe bila alamu. Kwa presha, wagonjwa wengi mahututi wanalindwa kwa wastani wa presha usioshuka chini ya 65, kwa hiyo weka alamu kwenye wastani huo, usiishie kwenye ile namba ya juu pekee. Alamu ya kukoma kupumua kwa kawaida huwekwa sekunde 20.

Kabla ya kuhukumu presha, kagua kafu. Kafu ndogo kwenye mkono mnene inatoa presha ya juu isiyo ya kweli, na utajikuta unapandisha mpaka wakati ulitakiwa kubadilisha kafu.

7. Sisi tuko juu. Oksijeni ya chini niweke 90 au 94?

Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya mita 1,000, na wenzetu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro wako juu ya mita 2,200. Mtu mzima mwenye afya hapa Arusha kwa kawaida husoma 95 hadi 98, kwa hiyo kimo chetu peke yake si sababu ya mgonjwa kusoma 89. Nimesikia mara nyingi mtu akisema "ah, ni mwinuko tu". Kwa Arusha na Moshi, usikubali jibu hilo mpaka umechunguza mapafu.

Kwa mtu mzima wa kawaida, mpaka wa chini wa 90 ndio wa kutovuka. Sababu yake iko kwenye namna damu inavyobeba oksijeni: kutoka 98 kushuka hadi 91 hali inashuka taratibu, lakini chini ya 90 kila hatua ndogo ya tatizo inaiangusha namba kwa kasi. Ukiweka mpaka 85 ili upate utulivu, umejinyima dakika ambazo ungezihitaji. Mgonjwa mwenye dalili za dharura anahitaji kupewa oksijeni afikie 94 au zaidi.

Wapo wanaohitaji namba nyingine. Mama aliyepikia kuni miaka arobaini kwenye jiko lisilo na dirisha, akapata ugonjwa sugu wa mapafu na kaboni dioksidi inamjaa, lengo lake huwa 88 hadi 92. Kwake mpaka wa chini wa 90 utalia bila kukoma, na watu watamwongezea oksijeni kila ulipolia mpaka asinzie na kupumua kidogo zaidi. Mwekee mpaka wa chini karibu na 87, na akiwa kwenye oksijeni mwekee na wa juu, karibu na 93, umkumbushe mhudumu apunguze.

Mpanda mlima aliyeshushwa kutoka Kibo, kilele chake kikiwa mita 5,895, ni habari nyingine. Kule juu namba za chini ni za kawaida. Lakini akishafika Moshi na bado anasoma 82 huku anakohoa na kuhema, mapafu yake yanaweza kuwa yamejaa maji kwa sababu ya kimo. Mpaka wake usishushwe kwa hoja kwamba ametoka mlimani.

8. Kwa watoto na wachanga kuna tofauti gani?

Kubwa sana. Moyo wa mchanga hupiga karibu 100 hadi 160 kwa dakika akiwa mzima kabisa. Ukimuunganisha kwenye monita iliyo kwenye hali ya mtu mzima, mpaka wa juu wa 120 utalia bila kukoma, mtu atauzima, na siku mapigo yakipanda kweli hakuna atakayejua. Kibaya zaidi ni kafu: kwa hali ya mtu mzima inajazwa hewa kwa nguvu kubwa kuliko inavyomfaa mchanga, na inaweza kumuumiza mkono. Badilisha hali ya mashine kabla hujamfunga kafu.

Watoto njiti walio kwenye oksijeni wanahitaji mpaka wa juu pia. Oksijeni nyingi inaharibu mishipa ya retina na mtoto anaweza kuwa kipofu. Lengo linalotumika sana ni 90 hadi 95, na alamu ya juu inawekwa hapo karibu na 95 au 96. Angalia sana neno "walio kwenye oksijeni". Njiti anayepumua hewa ya kawaida akisoma 99, ni habari njema, na alamu ya juu haina kazi kwake. Akirudishiwa oksijeni, alamu ya juu irudi palepale. Hili la kurudisha ndilo linalosahaulika, hasa zamu zinapopishana.

9. Nani anaruhusiwa kubadilisha mipaka?

Hospitali yako iandike. Kama haijaandika, uliza kwenye kikao cha wodi, swali ni halali kabisa. Utaratibu unaofanya kazi ni kwamba muuguzi wa kitanda anarekebisha ndani ya kiwango kilichokubaliwa, na nje ya hapo anapata agizo la daktari. Kila badiliko liandikwe kwenye faili: kutoka ngapi kwenda ngapi, kwa nini, saa ngapi. Mpangilio wa ndani wenye neno la siri uachiwe fundi wa vifaa tiba pamoja na mkuu wa wodi.

Katika makabidhiano ya zamu, soma mipaka kwa sauti mbele ya mgonjwa, anayetoka na anayeingia mkiwa pamoja. Ninalisisitiza hili kuliko yote mengine katika sehemu hii.

## Kelele zikizidi

10. Monita inalia saa nzima bila sababu. Tufanye nini?

Kwanza, si wewe peke yako. Tume ya Pamoja ya Marekani inayokagua hospitali ilitoa onyo Aprili 2013 ikieleza kwamba asilimia 85 hadi 99 ya alamu hazihitaji hatua yoyote ya tiba. Onyo hilohilo lilitaja matukio 98 ya alamu yaliyoripotiwa kati ya Januari 2009 na Juni 2012, na watu 80 walikufa katika hayo. Vitu hivi viwili vinaenda pamoja: sikio likizoea mlio wa uongo, linaacha kuusikia na ule wa kweli. Muuguzi asiyeitikia si mvivu. Ubongo wa mtu yeyote utafanya hivyohivyo.

Dawa haianzii kwenye kitufe cha sauti. Inaanzia kifuani kwa mgonjwa. Watu wetu hujipaka mafuta, vaselini au ya nazi, na stika iliyobandikwa juu ya mafuta itateleza ndani ya saa moja. Osha ngozi kwa maji na sabuni, ikaushe vizuri kwa kuisugua kidogo kwa kitambaa, punguza nywele zikiwa nyingi, kisha bandika. Spiriti inakausha ngozi na kuharibu mawasiliano, usiitegemee. Angalia na pakiti ya stika: ikifunguliwa na kuachwa wazi juu ya toroli, jeli inakauka. Bonyeza katikati ya stika kwa kidole. Kama hausikii unyevu, itupe. Wauguzi wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, walipoanza kubadilisha stika kila siku, alamu za moyo zilipungua kwa asilimia 46. Najua stika zetu hazitoshi kila siku, basi angalau zisikae mpaka zinabanduka zenyewe.

Pili, usifunge kafu ya presha mkono ule ule wenye kibanio cha kidole. Kila kafu inapojaa, damu inazuiliwa, kibanio kinapoteza mapigo na alamu inalia. Kwa wodi nyingi, kuhamisha kibanio mkono wa pili kumeondoa kelele nyingi kwa gharama ya sifuri.

Tatu, kwa msaada wa fundi, angalia kama monita inaruhusu kuchelewesha alamu ya oksijeni kwa sekunde chache. Namba inayoshuka hadi 89 mgonjwa akijigeuza na kurudi 95 baada ya sekunde tano haikuhitaji mtu. Ucheleweshaji wa sekunde kumi au kumi na tano unachuja nyingi za namna hiyo kwa mtu mzima. Hili liamuliwe na wodi nzima.

Nne, uliza kama mgonjwa bado anahitaji monita. Aliyepona na anasubiri ruhusa ya kwenda nyumbani akiendelea kuunganishwa, anazalisha kelele inayomficha jirani yake mahututi.

11. Usiku tupunguze sauti ili wagonjwa walale?

Wagonjwa wanahitaji kulala, na Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza kelele za wodini usiku zisivuke desibeli 40. Lakini sauti ya alamu nyekundu lazima isikike mahali muuguzi anapokaa, mlango ukiwa umefungwa na mvua ya masika inapiga bati. Jaribuni kweli: mmoja abonyeze jaribio la alamu, mwingine akae mezani. Kelele ipunguzwe kwa njia za swali la 10.

12. Alamu ya "stika imetoka" ni ndogo, inaweza kusubiri?

Isisubiri. Mashine nyingi zinaipa ngazi ya chini, lakini maana yake ni kwamba moyo wa mgonjwa hauangaliwi na mtu wala mashine. Moyo ukisimama wakati huo, monita haitakuambia. Ichukulie kama ya njano, hata kama rangi yake ni samawati.

## Monita inapotuliza wakati kuna hatari

13. Namba zote nzuri, alamu kimya, lakini mgonjwa haonekani vizuri. Niamini kipi?

Mwamini mgonjwa. Zipo hali kadhaa ambazo monita inakaa kimya kwa uaminifu wote huku mtu anaharibikiwa.

Ya kwanza ni moshi wa mkaa. Juni na Julai, baridi inapobana Arusha na vijiji vya mlimani, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Analetwa asubuhi mama na watoto wawili, wanaumwa kichwa, wanatapika, mmoja hazinduki vizuri. Unaweka kibanio: 99. Kibanio cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, kwa hiyo namba inaonekana nzuri na alamu haitalia kamwe. Uliza walilala na jiko? Kama ndiyo, wape oksijeni ya kiwango cha juu na mwite daktari, bila kujali namba.

Ya pili ni upungufu wa damu. Mtoto mwenye malaria kali na hemoglobini 4 anaweza kusoma 98. Hicho kidogo cha damu alicho nacho kimejaa oksijeni, lakini ni kidogo mno. Mwangalie viganja, macho na jinsi anavyohema.

Ya tatu inatuhusu sisi sote wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulilinganisha vibanio na vipimo vya damu ya mshipa wa ateri, na ukakuta kwamba oksijeni ya chini isiyogunduliwa na kibanio ilikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe: asilimia 11.7 dhidi ya 3.6, kibanio kikiwa kinasoma 92 hadi 96. Kwa hiyo 92 ya kwenye skrini hapa kwetu inaweza kuwa chini ya 88 ndani ya damu. Kwa mgonjwa anayehema kwa shida na kusoma 91 au 92, sioni sababu ya kusubiri alamu ya 90. Pandisha mpaka, mpe oksijeni, na kama kipimo cha gesi za damu kipo, kiombe.

Ya nne ni mgonjwa aliyetoka upasuaji, amepewa dawa kali ya maumivu na yuko kwenye oksijeni. Anaweza kupunguza kupumua hadi mara sita kwa dakika huku oksijeni inasoma 97, kwa sababu anaongezewa. Namba ya oksijeni itashuka mwishoni kabisa. Kwa huyu, alamu ya upumuaji ndiyo mlinzi wake. Na hata hiyo ina udhaifu: stika za kifuani zinahesabu kifua kinavyopanda na kushuka, kwa hiyo ulimi ukiziba koo na kifua kikaendelea kuhangaika, mashine inahesabu pumzi ambazo hazipo. Weka kiganja mbele ya mdomo uhisi hewa.

14. Hina, rangi ya kucha, baridi na mapambo vinaathiri?

Vinaathiri. Rangi nzito ya kucha ifutwe. Hina nyeusi, ile piko ya maharusi, inaweza kuzuia mwanga. Tafuta kidole kisichopakwa, au kidole cha mguu. Vidole vya baridi vinakosa mapigo, vipashe kwanza. Kwa mzee wa Kimaasai ambaye ndewe zake zimevutwa, kibanio cha sikio hakitakaa. Tumia kidole, na usimvue mapambo yake bila kumwomba. Kidole kibadilishwe kila baada ya saa chache ili ngozi isiumie.

15. Umeme ukikatika, mipaka inabaki?

Inategemea mashine na muda. Monita yenye betri nzima inaendelea kama kawaida. Betri ikiwa imekufa, mashine inazimika, na baadhi yake zikiwaka tena baada ya kukaa zimezimwa kwa muda zinarudi kwenye mipaka ya mwanzo. Wewe unaona skrini imewaka, unashukuru, kumbe yule mama wa mapafu wa swali la 7 amerudishiwa mpaka wa 90 na mchanga amerudishiwa hali ya mtu mzima.

Kila umeme ukirudi au jenereta ikiingia, pita kitanda kwa kitanda na kusoma mipaka upya. Mwombe fundi ajaribu betri za monita zote kwa kuzichomoa ukutani wakati wodi imetulia, si siku ya dharura.

## Kwa ndugu wa mgonjwa

16. Monita ya baba inalia na sista haji. Naweza kubonyeza kile kitufe cha kengele?

Usibonyeze, tafadhali. Hata ukinyamazisha tu, aliye mezani atadhani mwenzake ameshafika. Mtazame baba: kama hapumui vizuri, amebadilika rangi au haitiki, piga kelele ya kuita msaada, usione haya. Kama ametulia, mfuate muuguzi umwambie kitanda na rangi ya taa inayowaka. Ni wajibu wako kusema, na ni haki yako kujibiwa.

17. Namba zinapanda na kushuka kila dakika. Niogope?

Mapigo na oksijeni hubadilika mtu akikohoa, akigeuka au akizungumza. Mabadiliko madogo ni ya kawaida. Muulize muuguzi akutajie namba za mgonjwa wako zinazotakiwa kuwa kati ya ngapi na ngapi, ili usikae usiku mzima unaisoma skrini kwa hofu.

## Hali za pekee

18. Tunampeleka mgonjwa Moshi kwa gari la wagonjwa. Alamu ziweje?

Kutoka Arusha ni kilomita 80 hivi, na barabarani huwezi kusikia mlio mdogo. Weka sauti ya juu kabisa, skrini ikuelekee, na mipaka ya mgonjwa huyu iwekwe upya kwenye monita ya safari kabla ya kuondoka. Betri iwe imejaa, na waya wa gari uwepo. Mtikisiko utavuruga mawimbi ya moyo. Tegemea wimbi la kidole, na mkono wako juu ya mapigo ya mgonjwa.

19. Monita inaonyesha mapigo mabaya ya moyo lakini mgonjwa anaongea. Au inaonyesha mapigo mazuri na mgonjwa hana mapigo mkononi.

La kwanza mara nyingi ni mtetemeko: mgonjwa anatetemeka kwa baridi, anapiga mswaki, anajikuna. Linganisha na wimbi la kidole; kama linakwenda sawasawa, kagua stika.

La pili ni hatari sana. Stika zinasoma umeme wa moyo, na umeme unaweza kuendelea wakati moyo hausukumi damu. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo kilichopandikizwa anaweza kuonyesha namba nzuri kwa sababu mashine inahesabu mishtuko ya kifaa hicho. Iambie monita kwenye menyu kwamba anacho. Asiyeitika, hapumui na hana mapigo shingoni, anza kukandamiza kifua bila kungoja mashine ikubali.

20. Mgonjwa yuko kwenye matunzo ya mwisho na familia imekubaliana na daktari. Alamu ziendelee?

Hapa ndipo kuzima kunapokuwa sahihi, na mara nyingi ni bora kuondoa monita yenyewe. Uamuzi uandikwe kwenye faili, familia ielezwe, na zamu zote zijue.

21. Tumepata tukio: alamu haikulia, mgonjwa akadhurika. Tunaripoti wapi?

Mhudumie mgonjwa, kisha iondoe mashine kwenye matumizi bila kugusa mipangilio yake. Kumbukumbu za alamu zilizo ndani zitahitajika. Mjulishe mkuu wa wodi na fundi. Madhara yanayotokana na vifaa tiba huripotiwa pia TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Ripoti ieleze mashine ilivyokuwa imewekwa na nini kilitokea, kwa saa. Isianze kwa kumtafuta wa kulaumiwa, maana siku ya pili hakuna atakayeripoti.

22. Monita ya msaada imekuja na menyu ya Kijerumani na hatuielewi. Tuitumie?

Msiitumie kwa mgonjwa mpaka fundi ameipitia. Mara nyingi lugha inabadilishwa kwenye mipangilio ya ndani yenye neno la siri, ambalo huwa kwenye kitabu cha huduma au kwa mtengenezaji. Fundi ahakikishe inafanya kazi kwa volti 230 za kwetu, kama betri inashika, na kama kafu na vibanio vya kubadilishia vinapatikana. Kisha aangalie kitu ambacho wengi hawakifikirii: hospitali iliyoitoa huenda ilizima baadhi ya alamu zake na kuhifadhi hivyo kama mpangilio wa kudumu. Arudishe mpangilio wa kiwandani, aweke wa wodi yenu, na ajaribu kila alamu kwa kifaa cha kuigiza mgonjwa. Akimaliza, bandikeni ubavuni mwa mashine karatasi ya Kiswahili inayoonyesha kitufe cha kunyamazisha kiko wapi, kinanyamazisha kwa dakika ngapi, na mipaka inafunguliwa wapi.